Mforosadi Usio na Kiu



Wapendwa wasomaji, juma hili mvua zimeanza tena hapa kwetu katika bonde la Kilombero, na kama ilivyo desturi yangu tangu mwaka 2024, jambo la kwanza nililolifanya kulipopambazuka ni kuchukua jembe na kwenda nyuma ya sakristia kutazama kama mtaro unapitisha maji. Baadhi yenu mmeniona nikifanya hivyo mkacheka, mkaambiana kwamba Baba Paroko siku hizi amekuwa bwana mitaro. Sikuwalaumu, kwa kuwa kisa chenyewe sijapata kuwasimulia kwa ukamilifu. Leo nitawasimulia. Ni kisa cha miti mitatu ya forosadi, na ni kisa cha kosa langu mwenyewe.

Miti hiyo niliikuta. Ilipandwa na paroko aliyenitangulia, miwili katika uwanda ulio kati ya sakristia na ukuta wa ua, na wa tatu juu ya mabaki ya kichuguu kikuu, kando ya njia iendayo makaburini. Msiomfahamu mforosadi mtaujua kwa majani yake mapana yenye meno ukingoni, na kwa matunda yake madogo yaliyoshikamana kama shanga, ambayo huanza mekundu na kuishia meusi yakiiva. Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wakiipanda kila Jumapili baada ya Misa, wakirudi kwa mama zao na midomo ya zambarau na mashati yasiyotakata tena. Nimewahi kuletewa malalamiko ya gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza lililoharibiwa siku ileile. Huko Asia mti huu umeheshimiwa kwa maelfu ya miaka, kwa sababu majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Kwetu ulikuwa mti wa watoto, na heshima hiyo iliutosha.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikuwa na haraka. Halmashauri ya Walei ilikuwa imekusanya fedha za kusakafia ua wa kanisa kwa vitofali vya saruji, nami nilitamani kazi ikamilike kabla ya Noeli. Tuliinua pia msingi wa ukuta. Fundi aliniuliza, “Baba, maji ya mvua yatatokea wapi?” Nikamjibu kwamba hilo tutalitazama baada ya sikukuu, kwani tundu ukutani lingeharibu sura ya kazi. Noeli ilifika, ua ulipendeza, na jambo la maji likasahauliwa.

Mnakumbuka masika ya mwaka 2024. Mvua zile, zilizoongezewa nguvu na El Niño, zilikuwa zimeanza kuitesa nchi tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2023. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha. Hapa bondeni mashamba yaligeuka maziwa, na nyumba za tope zililala chini. Kwa hiyo nawaomba msinielewe vibaya ninapozungumza habari za miti. Siku zile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuifikiria, na ilikuwa haki iwe hivyo. Kanisa lilikuwa limejaa magodoro ya waliohama makwao. Maji ya ua yalisimama nyuma ya sakristia kwa majuma kadhaa, yakizuiwa na ule ukuta wangu mzuri, na mimi nilipita pembeni yake kila siku bila kuyatazama.

Mvua zikakoma. Jua la bondeni, mnalijua, halina subira. Katika siku chache uso wa ardhi ulikauka, udongo wetu wa mfinyanzi ukapasuka nyufa kama kisigino cha mkulima. Hapo ndipo nilipoitazama miforosadi ile miwili. Majani yake yalikuwa yameinama na kulegea wakati wa adhuhuri, mengine yameanza kuwa ya manjano. Nikaitazama ardhi iliyopasuka, nikayatazama majani yaliyonyauka, nikakata shauri bila kumwuliza mtu: miti hii ina kiu. Nikawaagiza vijana wa VIWAWA kila jioni wamwagie kila mti ndoo mbili za maji. Vijana walitii. Siku ya sita hali ilikuwa mbaya zaidi, nami nikaagiza ndoo tatu na toroli la samadi mbichi kutoka banda la ng'ombe. Majani yakaanza kupukutika.

Jioni moja alikuja mzee wa jumuiya mojawapo, mkulima wa mpunga tangu ujana wake, kuniletea taarifa ya mgonjwa. Aliwakuta vijana na ndoo zao.

“Tumsifu Yesu Kristo, Baba.”

“Milele, amina. Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Baba, mti huu mnaumwagia maji tangu lini?”

“Yapata siku kumi sasa. Umeshikwa na kiu, mzee, si unauona?”

Hakunijibu. Aliomba jembe, akachagua mahali hatua mbili kutoka kwenye shina, akachimba. Udongo wa juu ulivunjika mkavu. Kina cha kiganja ulikuwa na unyevu. Kina cha dhiraa moja jembe lilitoa mlio wa kunyonya, na alipolinyanyua tukaona udongo wa rangi ya kijivu kama jivu lililolowa. Ukatoka harufu ya yai viza, na polepole maji yakaanza kuchuruzika na kulijaza lile shimo. Mzee akalala kifudifudi, akaingiza mkono, akatoa mzizi mwembamba. Alipouvuta kwa vidole viwili gome lake lilivuka lote, likabaki uzi mweupe.

“Baba,” akasema akiwa bado chini, “mti huu hauna kiu. Mti huu hauna pumzi.”

Nikamwuliza inakuwaje basi mpunga wake usimame majini miezi mitatu na ustawi. Akacheka. “Mpunga una mianzi yake ya kupumulia, Baba. Huu wako haukuzaliwa nayo.”

Usiku ule sikulala mapema. Nilirudi kwenye yale tuliyofundishwa katika biolojia seminarini, na siku zilizofuata nikasoma zaidi, na kuwauliza wajuao. Niruhusuni niwaeleze kwa lugha ya kawaida, kwa sababu wengi wenu mna michungwa, mipapai na miparachichi ambayo hufa kifo hichohicho, nanyi huilaumu mbegu.

Sisi tumezoea kudhani kwamba mti hupumua kwa majani tu. Sivyo. Mizizi nayo ni hai, na kila kilicho hai hutaka oksijeni. Udongo mzuri si kitu kigumu kilichoshikana. Kati ya chembe na chembe mna nafasi ndogondogo, na nyingi kati ya hizo zina hewa. Mvua ikinyesha nafasi hizo hujaa maji, kisha maji hushuka na hewa hurudi. Lakini maji yakikosa njia, hewa haina pa kurudia. Oksijeni husafiri ndani ya maji kwa mwendo ulio wa polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa. Ile kidogo iliyosalia huliwa na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya udongoni katika muda wa siku chache, na penye joto kama hapa kwetu, haraka zaidi.

Mzizi uliokosa oksijeni haufi papo hapo. Hujitahidi kuishi kwa njia ya zamani, ile ile inayogeuza uji wa kimea kuwa pombe. Lakini njia hiyo ni ya umaskini. Sukari ileile ambayo penye hewa ingeupa mzizi vipimo 30 au zaidi vya nguvu, sasa huupa vipimo 2 tu. Mzizi hula akiba yake upesi, na taka za uchachushaji huo hulimbikizana ndani yake. Nguvu ikipungua, milango midogo inayopitisha maji katika seli za mizizi hufungwa. Hapa ndipo penye ajabu iliyonipotosha: mti umesimama ndani ya maji, lakini hauwezi kuyanywa. Majani nayo, ambayo jua linaendelea kuyachoma, hufunga vinywa vyake ili yasipoteze kile kidogo yalichonacho, kisha hulegea. Anayetazama kwa juu huona dalili za kiu, na dalili hizo ni za kweli. Ila sababu yake ni maji.

Kuna mengine yanayofuata. Mti huanza kutoa kwa wingi gesi iitwayo ethilini, ileile inayofanya ndizi moja iliyoiva iziivishe nyingine ndani ya kapu lililofunikwa. Katika majani gesi hiyo huharakisha uzee: vikonyo huinama, majani hugeuka manjano na kupukutika. Udongoni nako, vijidudu vilivyokosa oksijeni hutafuta kitu kingine cha kutumia badala yake. Hutumia kwanza naitrojeni iliyo katika hali ambayo mti ungeweza kuila, wakaigeuza kuwa gesi ikapotea hewani. Kisha hugeukia manganizi na chuma, vikayeyuka hadi kiasi cha kuidhuru mizizi. Na hatimaye salfa, ambayo ndiyo iletayo harufu ile ya yai viza. Ile rangi ya kijivu tuliyoiona ni alama ya udongo uliokosa hewa kwa muda mrefu. Na samadi mbichi niliyoiagiza kwa moyo wangu wote? Samadi inapooza hutumia oksijeni. Niliupelekea mti uliokosa pumzi mshindani mwingine wa pumzi.

Asubuhi tulianza kazi. Vijana walewale waliobeba ndoo walibeba majembe. Tuliondoa samadi yote. Tulichimba mtaro wa kina cha magoti kutoka kwenye miti mpaka ukutani, na fundi yuleyule akatoboa ukuta wangu mahali ambapo angeweza kuacha tundu tangu mwanzo kama ningemsikiliza. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi, na yalitiririka kwa siku mbili. Baada ya hapo hatukufanya lolote. Mzee alitukataza kuugusa mti, asitake mbolea wala kupogoa, akasema tusubiri uamue wenyewe.

Mmoja ulikufa. Ulikuwa ule wa bondeni zaidi, ulio karibu na ukuta. Ulipukutisha majani yote, matawi yakakauka kuanzia nchani, na ilipofika mwezi Agosti nilikwangua gome kwa ukucha nikakuta hudhurungi mpaka chini. Tuliukata. Watoto walisimama wakitazama, na mmoja akaniuliza kama ni mafuriko yaliyouua. Nilikaribia kumjibu ndiyo. Nikamwambia hapana, ni Baba Paroko.

Wa pili ulinifundisha mambo ambayo sikuyajua. Nao ulipoteza majani karibu yote, na matawi kadhaa. Lakini nilipouchunguza shina lake kwa karibu, usawa wa pale maji yalipokuwa yamefikia, niliona vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo katika gome vimevimba na kupasuka, vyeupe kama punje za unga wa mahindi. Na chini yake kidogo, kutoka kwenye shina lenyewe, ulikuwa umechomoza mizizi mipya, myekundu na laini, mahali ambapo kwa kawaida mizizi haioti, karibu kabisa na uso wa ardhi. Mti ule, wakati mimi nikiumwagia ndoo, ulikuwa ukitafuta hewa kwa kila namna uliyojaliwa. Wajuao wanasema hii ndiyo njia ambayo miti mingi inayovumilia mafuriko huitumia: huiacha mizizi ya kina ife, na huota mingine palipo na hewa. Mwezi Septemba ulichipua. Majani yalikuwa madogo, lakini ya kijani kibichi.

Wa tatu, ule wa kwenye kichuguu, haukudhurika hata jani moja. Ulikuwa juu ya wenzake kimo cha mtoto wa miaka mitano tu.

Jambo hilo la kimo lilinifanya nisome kuhusu nchi ya China, ambako watu wameishi na miforosadi mahali pa maji kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Kusini mwa ziwa Taihu, katika eneo la Huzhou, jimbo la Zhejiang, ardhi ni ya chini na ya kinamasi. Wakulima wa huko, kwa muda unaokisiwa kuzidi miaka 2,500, hawakujaribu kuufundisha mforosadi kuishi ndani ya maji. Walichimba mabwawa, na tope walilolitoa wakalirundika kuwa matuta makubwa kati ya bwawa na bwawa, na juu ya matuta wakapanda miforosadi. Majani huwalisha viwavi wa hariri, vinyesi vya viwavi huwalisha samaki bwawani, na tope la bwawa, lenye rutuba, hurudishwa juu ya matuta kuulisha mti. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Maji yaleyale ambayo yangeuua mti, yakipewa mahali pake, huutunza.

Nchini humohumo, kwenye bwawa kubwa la Three Gorges katika mto Yangtze, kina cha maji hupanda na kushuka kati ya mita 145 na mita 175 kila mwaka, na ukanda mpana wa kingo huzama na kuibuka. Wataalamu wamepanda miforosadi katika ukanda huo, hasa sehemu zake za juu, na mingi imestahimili kuzamishwa. Nilishangaa, mpaka nilipotambua kwamba bwawa lile huwa limejaa wakati wa baridi. Mti wakati huo hauna majani, umelala, na mizizi yake huhitaji pumzi kidogo sana. Mti wetu hapa bondeni haulali. Mafuriko huukuta na majani yake yote, katika joto, wakati mahitaji yake ni makubwa. Ndiyo maana hatuwezi kusema tu kwamba mforosadi huvumilia maji au hauvumilii. Tuulize pia ni lini, kwa siku ngapi, na mti ulikuwa katika hali gani maji yalipoukuta.

Sasa niwaeleze lile lililo zito zaidi. Wakati uleule nilipokuwa nikiagiza ndoo za maji, kulikuwa na mama mmoja parokiani aliyefiwa na mumewe mwanzoni mwa mwaka ule. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, naye amenipa, mradi nisimtaje. Alikuwa mwimbaji na mtu wa jumuiya. Baada ya msiba alinywea. Akaacha kwaya, kisha jumuiya, kisha nikawa simwoni hata Jumapili. Nami nikakata shauri kama nilivyokata juu ya mti: mama huyu amepungukiwa faraja. Nikawatuma akina mama wa WAWATA. Walipokuja na taarifa kwamba bado, nikawatuma tena, na katekista, na mimi mwenyewe nikaenda mara tatu na maneno mazuri juu ya saburi. Nilimpa hata kazi ya ukatibu katika kamati moja, nikiamini kwamba shughuli zitamchangamsha. Kila tulipoongeza, yeye alizidi kurudi nyuma.

Juma moja baada ya kutobolewa kwa ukuta nilikwenda kwake tena. Safari hii sikuwa na neno nililoliandaa. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia, “Mama, nimekuja mara nyingi nikasema. Sijakuuliza hata mara moja kinachokulemea.” Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani nimemwudhi. Kisha akasema kwamba ndugu za marehemu walikuwa wamemtaka aondoke kwenye shamba la mpunga kabla ya msimu mpya, kwamba ada ya mtoto haikulipwa, na kwamba kwa miezi minne hakupata usiku mmoja wa kulala, kwa sababu mchana wageni hawakukoma nyumbani kwake, na kila mgeni alihitaji chai. “Nawashukuru, Baba,” akasema, “lakini mlikuwa mnanijaza.”

Uso wake ulikuwa umekauka, nami nilikuwa nimeutazama uso. Sikuchimba.

Tulichimba mtaro wake nao, ingawa haukuwa wa siku mbili. Wazee wawili wa jumuiya waliketi na ndugu za marehemu, na iliposhindikana walifuatana na mama katika vyombo vya kisheria. Shauri lilichukua miezi mingi. Sehemu ya shamba alibaki nayo, sehemu aliikosa, na sitasema kwamba haki yote ilitendeka. Akina mama walikubaliana kupunguza matembezi, na badala yake mmoja wao aliwachukua watoto kila Jumamosi ili mama alale. Wala nisieleweke kuwa nasema sala na faraja ni bure; maji si adui wa mti. Nasema kwamba mimi, mchungaji wake, nilimpa kile kilichokuwa rahisi kwangu kutoa, na nilipoona hakimsaidii nikaongeza kipimo.

Oktoba 2025, Jumapili ya 27 ya Mwaka C, tulisoma Injili ya Luka sura ya 17, pale Bwana anapowaambia Mitume kwamba kwa imani ndogo kama chembe ya haradali wangeweza kuuamuru mti ung'oke ukapandwe baharini. Biblia zetu za Kiswahili zimezoea kuuita mkuyu, lakini neno la Kigiriki alilolitumia Luka mahali pale si lile alilolitumia kwa mti wa Zakayo katika sura ya 19. Lile la sura ya 17 ni jina la mforosadi. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo miaka yote ya upadre wangu kama mfano tu wa jambo lisilowezekana. Jumapili ile nilipoitangaza nilisita kidogo, na waliokuwa viti vya mbele huenda waliona. Nilikuwa nikiiona ile mizizi iliyovuka gome mkononi mwa mzee. Sasa najua kwa kugusa ni jambo zito kiasi gani Bwana alilolitaja, mforosadi kupandwa baharini na ukatii. Hilo ni la Mungu. Kwangu mimi kulibaki wajibu mdogo zaidi, wa kutoufanya ua wa kanisa kuwa bahari.

Wapendwa, mwenye miti nyumbani ninamwachia mashauri machache. Ukiona majani yamelegea baada ya mvua nyingi, usiende kisimani. Chimba kwanza kina cha dhiraa, utazame, unuse. Ukikuta maji, yatafutie njia, na acha mbolea mpaka mti uchipue. Ukipanda, panda juu ya tuta. Na ukijenga ukuta, msikilize fundi anapokuuliza maji yatatokea wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mzee alikata vijiti vinne kutoka kwenye ule mti uliopona, urefu wa shubiri moja na nusu kila kimoja, akavichomeka kwenye mfuko wa udongo. Vitatu vilishika. Tumevipanda pale ulipokufa mwenzake, juu ya tuta lililoinuliwa kimo cha goti, na mtaro unapita pembeni. Mama niliyewaeleza amerudi kwaya, ingawa si kila juma, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Matunda bado ni machache. Jumapili iliyopita nilimwona mtoto mmoja anashuka kutoka kwenye mti wa kichuguu huku amefumba mdomo ili nisione rangi ya ulimi wake. Nikajifanya sikuona.

Mvua inaendelea kunyesha ninapoandika, na maji yanapita.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko